Mwenye mgongo unaouma asikatazwe farasi kabla ya kuulizwa

Mhariri,

Katika ukurasa wa afya wa gazeti lako, msomaji mmoja aliuliza kama anaweza kuendelea kupanda farasi ilhali amekuwa akiumwa na mgongo na shingo kwa muda mrefu. Alijibiwa kwa sentensi moja: aache mara moja na asirudi tena. Naandika kulipinga jibu hilo, si kwa sababu farasi hana hatari, maana anayo, bali kwa sababu aliyejibu hakuuliza ni mgongo upi, unauma vipi, farasi mwenyewe ni wa namna gani, na msomaji huyo hupanda na kushuka kwa njia ipi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayomtenga mtu anayeweza kupanda na mtu ambaye hata kulikaribia tandiko hapaswi. Nimefanya kazi ya usaisi, yaani ya kuwatunza farasi, na baadaye ya kuwafundisha watu kupanda farasi, katika mazizi ya upande wa Karen na Ngong kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na mimi mwenyewe naishi na maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi paja la kushoto, pamoja na shingo inayokakamaa kila baridi ya Julai inapoingia. Bado napanda.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Maumivu ya kiuno huhesabiwa kuwa sugu yanapozidi miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwa walio wengi, takriban tisa katika kila kumi, madaktari hawaoni ugonjwa mmoja mahususi wanaoweza kuunyoshea kidole na kusema ndio chanzo. Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji, na yamo mambo mawili ambayo kila mtoa ushauri wa kupumzika tu angefaa kuyajua. La kwanza ni kwamba mwongozo unapendekeza mazoezi, pamoja na elimu ya kumsaidia mgonjwa kuielewa na kuimudu hali yake. La pili ni kwamba haupendekezi mikanda ya kubana kiuno kuwa tiba ya kawaida, yaani ile mikanda mipana myeusi inayoning'inizwa kwenye vibanda vya mjini na ambayo nimewaona wanafunzi wangu wengi wakija nayo wakidhani itawakinga. Mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya wapanda farasi, wala sidai kwamba farasi ni dawa. Ninachosema ni kwamba kumwondolea mtu anayeumwa zoezi analolipenda, wakati ambapo tatizo lake kubwa huenda likawa ni kukaa kitini kutwa, ni uamuzi mzito kuliko ulivyochukuliwa katika jibu lile.

Uzito wa suala hili unaonekana mtu akifahamu kinachotokea kati ya mgongo na tandiko. Farasi anapotembea, kila mguu hugusa ardhi kwa wakati wake, hivyo mpandaji huhisi hatua nne zinazofuatana bila kishindo. Nyonga zake husogezwa mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, kwa namna inayokaribiana sana na jinsi zinavyosogea mtu anapotembea kwa miguu yake mwenyewe. Ni kwa sababu hiyo wataalamu wa tiba ya viungo katika nchi kadhaa huutumia mwendo wa farasi kuwasaidia watoto wenye mtindio wa ubongo, farasi akiwa anaongozwa kwa kamba na mtaalamu akitembea ubavuni. Mwendo wa matiti, yaani pale farasi anapokimbia polepole kwa kudunda, ni habari nyingine kabisa. Hapo mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili hugusa ardhi kwa pamoja, mwili wa farasi hurushwa juu, kisha miguu mingine miwili hufuata, na mpandaji aliyekaa kitako hupokea kishindo kwa kila hatua. Kiuno kilicholegea hukimeza kishindo hicho. Kiuno kilichokazwa na maumivu hakiwezi, na kwa hiyo kishindo hupanda pingili kwa pingili hadi kinapofika shingoni na kichwani, na ndipo mtu hushuka akilalamika kwamba kichwa kinamgonga ilhali alidhani tatizo lake liko kiunoni.

Ndiyo sababu tunawafundisha watu kuinuka na kuketi kwa kufuata mdundo wa matiti, uzito ukibebwa na mapaja na vikuku, yaani vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, badala ya kuachwa uangukie tandiko. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba baadhi ya wenye maumivu ya kiuno huistahimili shoti ya polepole, yaani mwendo wa mbio unaozidi matiti kwa kasi, kuliko matiti yenyewe, kwa kuwa shoti hiyo humbembeza mpandaji badala ya kumdundisha. Hata hivyo shoti huja na kasi, na kasi huja na anguko. Mwanafunzi wangu mwenye mgongo mbaya simruhusu shoti kwa sababu tu inampendeza kiuno. Namruhusu pale ninapoona kwamba anaweza kumsimamisha farasi bila kuivuta hatamu kwa mabega, kwani mvutano huo ndio unaoirarua shingo.

Kuna mfano ambao wapanda farasi duniani wanaujua vizuri. Lis Hartel wa Denmark alipatwa na polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, akabaki amepooza miguu kuanzia magotini kwenda chini. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Hata hivyo, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, ambayo ndiyo ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mashindano ya kumwongoza farasi kwa miondoko ya ufundi, alishinda nishani ya fedha, na mwaka 1956 akashinda nyingine huko Stockholm. Hartel hakuwa mgonjwa wa mgongo, na sitaki msomaji aseme nimechanganya mambo. Namtaja kwa sababu aliwalazimisha watu waulize ni kwa njia ipi mwili huu unaweza kupanda, badala ya kuuliza kama unaruhusiwa. Tangu mwaka 1996 mashindano hayo yamo katika Michezo ya Paralimpiki, na washindani hupangwa katika madaraja matano kulingana na uwezo wa miili yao. Katika daraja la kwanza, la walemavu wenye vizuizi vikubwa zaidi, farasi hutembea tu mwanzo hadi mwisho, bila matiti wala shoti, na mtu hupata nishani ya dhahabu kwa mwendo huo huo ambao vijana wetu wa mazizini huudharau wakisema ni wa kupashia farasi moto.

Sasa niseme la hatari, maana nisipolisema nitakuwa nimefanya kosa lile lile la jibu fupi, ila upande wa pili. Mtu aliyeketi juu ya farasi wa kimo cha kawaida ana kichwa chake kwenye urefu wa zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, na mnyama aliye chini yake anaweza kushtushwa na mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Tarehe 27 Mei 1995, huko Culpeper katika jimbo la Virginia, farasi wa mwigizaji Christopher Reeve alisita ghafla mbele ya kizuizi cha kurukwa. Reeve alitanguliza kichwa, akavunjika pingili mbili za juu kabisa za shingo, akapooza kuanzia shingoni hadi alipofariki mwaka 2004. Alikuwa amevaa helmeti. Helmeti hulinda fuvu, na asiyeivaa hapandi farasi mbele yangu, lakini haiilindi shingo. Anguko la namna nyingine, la kutua kwa makalio, huvunja zaidi pingili za pale ambapo mgongo wa kifuani unakutana na kiuno, na mtu ambaye mifupa yake imepungua uzito kwa sababu ya umri, au kwa kutumia dawa za steroidi kwa miaka mingi, huvunjika hata kwa anguko dogo.

Kwa hiyo wapo watu ambao jibu la gazeti lako liliwafaa, na ningependa wajulikane kwa majina ya dalili zao ili wasichanganywe na wengine. Mtu anayehisi ganzi mahali pale hasa panapogusana na tandiko, yaani katikati ya mapaja na makalioni, au ambaye mkojo umeanza kumtoka bila habari au kumgomea, au ambaye miguu yote miwili inapungua nguvu, huyo hana haja ya mwalimu wa farasi. Ana dharura, na anatakiwa kufika hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu neva za chini ya uti wa mgongo zikibanwa kwa muda mrefu huenda zisirejee tena. Mtu ambaye maumivu ya mgongo yanaandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu kwanza, maana ugonjwa huo hauishii mapafuni. Huingia kwenye pingili na kuzila, na katika nchi zetu si jambo la nadra. Kwa upande wa shingo, dalili za kuogopwa ni mikono kupoteza ustadi wa kufunga vifungo, kutembea kwa kuyumba, na mshtuko kama wa umeme unaopita mgongoni mtu anapoinamisha kichwa. Mwenye baridi yabisi ya miaka mingi huweza kuwa na pingili za juu za shingo zilizolegea bila yeye kujua, na vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa na hali ya Down. Ndiyo maana programu za upandaji farasi wa tiba hutaka daktari aichunguze shingo ya mtoto huyo kabla hajapandishwa. Na aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganishwa pingili asubiri neno la daktari wake aliyempasua, si la rafiki yake aliyewahi kufanyiwa kitu kama hicho.

Wakitolewa hao, wanabaki wengi wa kawaida: karani anayekaa mbele ya kompyuta, mama aliyebeba watoto na mitungi, dereva wa lori, mwalimu anayesahihisha madaftari akiwa ameinama. Hao ndio waliojaa kwenye mazizi yetu mwishoni mwa juma. Na kwa hao, mara nyingi kinachoumiza si kuwa juu ya farasi. Ni kupanda na kushuka.

Mtazame mtu mzima anayejaribu kupanda kutoka ardhini. Anauinua mguu wa kushoto hadi kikuku kilicho karibu na usawa wa kiuno chake, anashika singa za shingo ya farasi kwa mkono mmoja na nyuma ya tandiko kwa mkono wa pili, anarukaruka kwa mguu wa kulia kama kuku aliyefungwa, kisha anajivuta juu huku kiuno kimepinda na kujizungusha kwa wakati mmoja. Kupinda na kujizungusha huku umebeba uzito ndiyo hali ambayo diski za kiuno, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, haziipendi hata kidogo. Farasi naye hapendi: tandiko huvutwa upande mmoja na kumbana mgongoni karibu na mabega. Yote hayo huondolewa na kipandio cha mbao chenye vidato vitatu, ambacho seremala yeyote wa Ngong hukipiga kwa mbao za mabaki, na ambacho hata hivyo nimeingia katika mazizi ya kifahari nisikikute, kwa kuwa mwenye zizi huona ni kitu cha watoto na wazee. Juu ya kipandio mtu husimama karibu usawa wa tandiko, huupitisha mguu wa kulia bila kuruka, na kuketi taratibu, saisi akiwa amemshika farasi kichwani ili asisogee.

Kushuka husahauliwa zaidi. Wengi hufundishwa kutoa miguu yote kwenye vikuku na kujirusha chini, na baada ya saa nzima ya kupanda, misuli ikiwa imechoka, hutua kwa visigino juu ya ardhi ngumu. Kishindo hicho kimoja huweza kuharibu kazi yote njema iliyofanywa. Mwenye mgongo unaouma alale kifudifudi juu ya shingo ya farasi kidogo, aupitishe mguu nyuma, ateleze akilishikilia tandiko, na atue kwa vidole huku magoti yamekunjwa. Na kama kipandio kipo, farasi arudishwe pale pale ashukie juu yake. Hakuna aibu katika hilo.

Farasi mwenyewe huchaguliwa pia. Farasi mwenye mwili mpana humtanua mpandaji mapaja na kumvuta nyonga, na aliye na hatua fupi za kudunda humchosha kiuno kuliko yule mwenye hatua ndefu zinazoteleza. Mabanda mengi huwapa wageni farasi mzee kwa sababu ni mpole, wakasahau kwamba farasi mzee naye huenda ana mgongo unaomuuma, na farasi anayeumwa hukaza mwili, na mwili uliokazwa hurusha. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu ya tano ya uzito wa farasi, maana yake kilo 90 kwa farasi wa kilo 450, na mimi ningependa iwe chini ya hapo kwa safari ndefu. Vikuku vikiwa vifupi mno, magoti hukunjwa na kiuno huviringika. Vikiwa virefu mno, mtu hunyoosha vidole akivitafuta na mgongo hupinda kwa ndani. Na kwa wenye shingo mbaya naongeza jambo moja: watazame kati ya masikio ya farasi, kule wanakoenda, badala ya kuyainamia mabega yake, kwa sababu kichwa kilichoinamishwa kwa nusu saa, kikiwa na helmeti juu yake, ni mzigo mzito kwa pingili saba za shingo.

Kuna kinaya ambacho siwezi kukipita kimya. Msomaji yule huenda alikwenda kliniki kwa bodaboda, akapita juu ya matuta ya barabarani ambayo mengine hayana hata rangi ya kuyaonyesha, akarudi nyumbani kwa matatu akiwa amekaa kiti cha nyuma juu ya magurudumu, na hakuna aliyemwambia aache bodaboda maisha yake yote. Farasi hukatazwa kwa wepesi kwa sababu huonekana ni mchezo wa wenye pesa. Basi aende Lamu, ambako punda ndiye usafiri wa kila siku kwenye vichochoro visivyopitisha gari, akawaone wazee waliokaa nyuma kabisa juu ya matako ya punda bila tandiko wala vikuku, miguu ikining'inia, wakitoka shambani. Wenye viuno vinavyouma wamo kati yao, na hakuna daktari aliyewaandikia barua ya kuwakataza, kwa kuwa wakikatazwa hawafiki nyumbani.

Hapo ndipo nafika kwa watu walionifanya niichukue kalamu hasa, yaani masaisi. Kwa mpandaji wa Jumapili, ushauri wa kuacha humnyima starehe. Kwa saisi humnyima kazi, na mara nyingi pia chumba, kwa sababu wengi wetu hulala ndani ya uwanja wa mwajiri. Saisi huamka gizani. Hubeba ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa ni kilo 20, mkono mmoja ukivutwa chini na mwili mzima ukiegemea upande wa pili, na hurudia hivyo kwa kila banda. Hupakia maranda na samadi kwenye wilbaro, hubeba marobota ya nyasi kavu mabegani, huinama chini ya kila farasi na kuchokoa kwato nne huku mnyama akimwegemezea uzito wake. Halafu ndipo hupanda. Wanaofanyisha mazoezi farasi wa mbio hupanda mmoja baada ya mwingine asubuhi hiyo hiyo, vikuku vikiwa vifupi, mgongo umelazwa mbele, shingo imeinuliwa ili kuona, na mikono inamzuia mnyama anayevuta. Mgongo wa saisi huchakaa kabla hajafika kwenye tandiko, na akienda hospitalini huulizwa kama amewahi kuanguka kwenye farasi. Akisema hapana, huandikiwa dawa za kutuliza maumivu na kuambiwa apumzike, jambo ambalo mwenye mshahara wa kila siku hawezi kulifanya.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, na haihusu ajali peke yake. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yamo. Tatizo ni kwamba anguko lina siku yake na mashahidi wake, ilhali mgongo ulioharibika kidogo kidogo kwa ndoo na robota hauna tarehe. Namfahamu saisi aliyetupwa na farasi mchanga katika zizi moja ambalo silitaji. Aliambiwa akapumzike bila malipo, na kabla hajaweza kuinama vizuri chumba chake kilikuwa kimepewa mwingine. Hakuna kitabu chochote kilichoandikwa kwamba alianguka. Ningeomba kila zizi lenye masaisi liwe na daftari la majeraha linaloandikwa siku ile ile, likitaja pia maumivu ya mgongo yaliyoanza bila anguko. Maji yafikishwe kwenye mabanda kwa mpira badala ya ndoo. Na saisi mwenye kiuno kibaya apewe farasi watulivu na kazi ya kuongoza kwa kamba kabla ya kufikiriwa kuachishwa.

Kwa wenye mazizi na wale vijana wanaowapandisha watu kwa picha na mizunguko mifupi, ombi langu ni dogo. Wamuulize mgeni kama ana tatizo la mgongo au shingo, kama amewahi kuvunjika au kupasuliwa, na kama ana ganzi mahali popote. Akijibu ndiyo kwa la mwisho, warudishe pesa zake wamwache ashike kamba na kumpapasa farasi. Wenye kuuza safari za farasi za saa tatu au nne kwa watu ambao hawajawahi kupanda wangefanya vizuri kuanza na mzunguko mfupi ndani ya uwanja, kwa sababu katikati ya msitu, mtu ambaye kiuno chake kimekwama hana njia ya kurudi isipokuwa kwa farasi huyo huyo aliyemkwamisha au kwa miguu yake inayomgomea.

Kwa msomaji aliyeuliza, na ambaye natumaini bado husoma ukurasa huu, ningemshauri amwone mtaalamu wa tiba ya viungo aliyesajiliwa, amweleze waziwazi kwamba anapanda farasi, na amwonyeshe kwa kiti namna anavyoketi na namna anavyopanda na kushuka. Akiruhusiwa, atafute zizi lenye kipandio na mwalimu asiyeona haya kumwongoza mtu mzima kwa kamba. Siku ya kwanza atembeze tu, dakika 20 zinamtosha, na asimeze dawa ya maumivu kabla ya kupanda, kwa sababu dawa itamficha kile ambacho mwili unamwambia. Kisha angoje asubuhi inayofuata. Uchovu wa mapaja ni wa kawaida na huisha baada ya siku moja au mbili. Maumivu yake ya zamani yakirudi katika kiwango chake cha kila siku ndani ya siku hizo, anaweza kupanda tena wiki inayofuata na kuongeza dakika chache. Yakiwa yameshuka mguuni kupita yalipokuwa yakifika awali, au vidole vya mkono vikiwa na ganzi ambayo haikuwapo, asirudi zizini; arudi kwa mtaalamu aliyempa ruhusa, akiwa ameandika alimpanda farasi gani, kwa mwendo upi na kwa muda gani.

Saisi mstaafu,
Ngong, Kaunti ya Kajiado